Masikio Yangu Nayo Yalitozwa

Wajukuu zangu, mnaona sina kazi hadi mnaniomba tena kisa cha saluni? Haya.

Pale Saluni ya Najma, msusi alituambia nesi jirani yetu amefutwa kazi, maana ameonekana akifunga masanduku. Nikasema, "Ehe, endelea!"

Mara nesi mwenyewe, aliyetusikia tangu mlangoni, akaingia. "Nafunga naenda kuolewa! Sasa uvumi wako umemfikia hata mchumba wangu, anauliza namficha nini."

Msusi akauma kitana.

Nesi, mtu wa kusoma sana, akatuambia Wayahudi hufundishwa kwamba masengenyo huumiza anayesemwa, anayesema na anayesikiliza, na msamaha huombwa kwa aliyesemwa.

Msusi akauomba, akampigia mchumba simu na kukiri. Tukapiga vigelegele. Kisha akatozwa faini ya kumsuka bibi harusi bure.

Nikacheka. Nesi akanigeukia: "Shosho, nani alisema 'endelea'?"

Faini yangu? Nilimenya vitunguu vya pilau ya harusi mpaka macho yakafura.