Dhahabu Baada ya Eda

Jumatano nilikuwa kwa sonara, Mji wa Kale. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alifungua leso juu ya meza ya kioo: bangili sita, vipuli na kipini, vyote vimefifia kwa kukaa sandukuni muda wote wa eda.

"Nisafishie vyote," alimwambia sonara. "Eda imekwisha jana."

Wifi yake akamvuta buibui. "Si bora uwagawie wajukuu? Watu watasemaje, mjane kung'ara?"

Mama akamsogezea sonara leso. Sonara alipomaliza kusugua na kufuta, mama akavivaa pale pale. Bangili zikagoma kwenye kiganja. Akaomba sabuni, akasukuma mpaka zikapita.

"Wifi yangu, Mola amenipa miezi minne na siku kumi. Wewe waniongezea kwa amri ya nani?"

Ni kweli, tumetunga eda ya pili isiyo na mwisho, na wasimamizi wake ni sisi jamaa wenye huruma. Mkufu niliopeleka mimi ni wa mamangu, mjane wa miaka mitatu. Nilitaka ufupishwe umtoshe binti yangu.

"Wako huu tuufanyeje?" akauliza sonara.

"Usafishe tu," nikamjibu. "Mwenyewe yu hai."