Injini Aliyoogopa Kuifungua

Katika uwanja ule wa gereji, ambapo mchomeleaji, fundi rangi na fundi umeme walikuwa na mabanda yao ubavu kwa ubavu, mtu mmoja tu aliitwa Fundi Kipimo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, kalamu ya risasi haimtoki sikioni. Hakufunga kitu bila kukipima mara mbili. Akisema "hii inafaa," ilifaa. Akisema "hii tupa," hata mwenye mali hakubisha.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukipima. Nyuma ya banda lake, kwenye kona yenye unyevu, injini ya dizeli ya silinda nne ilikalia matairi mawili chini ya kipande cha bati. Ilikuwa pale miaka sita. Vumbi na oili vilikuwa vimeshikana juu yake mpaka vikawa kama ngozi, na buibui walikuwa wamerithishana nyumba.

Injini hiyo ilitoka kwenye lori dogo la mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi ndiye aliyeifungua na kuifanya upya. Wiki mbili tu baadaye ikanoki, ikafa mlimani, ikiwa na mzigo wa saruji. Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Lori lilipovutwa mpaka uwanjani, shemeji alisema mbele ya watu wote, "Taa ya oili iliwaka, nami nikazima papo hapo. Na asubuhi niliiangalia oili, ilikuwa imejaa."

Fundi alifungua boneti. Mkono wake ukaenda kwenye kijiti cha kupimia oili, ukakigusa, kisha ukarudi. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yake akipumua kama fahali, na mafundi wenzake walikuwa wamekusanyika. Akageuka, akacheka kidogo, akasema, "Shemeji, hii umeikausha. Wewe si dereva, wewe ni jua la kiangazi."

Watu waliangua kicheko. Mchomeleaji akadakia, "Kavu!" Jina likashika siku hiyohiyo. Kavu akapoteza kazi, na kila alikoomba nyingine alikuta jina limetangulia kufika. Mwisho akaweka meza ya kushona viatu mbele ya nyumba yake. Mwenye duka alinunua lori jingine, na ile injini akamwachia Fundi kama chuma chakavu.

Basi siku moja, asubuhi, akaja Mama Mbao. Alikuwa mjane mwenye mashine ya kuchana mbao kule juu, na kigari chake kilikuwa kikipanda mlima kama mgonjwa anayepanda ngazi.

"Fundi, hiki kimechoka. Nataka injini nyingine, halafu uifungie turbo. Nimechoka kupitwa na baiskeli."

Fundi akamweleza kwamba injini iliyotumika haivishwi turbo hivihivi. Turbo huongeza hewa, na hewa ikiongezeka, joto na mgandamizo huongezeka. Ufa wa unywele hugeuka mlango. Ni lazima uifungue yote, upime silinda, uangalie krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hedi, kifuniko cha silinda, ijaribiwe kwa maji ya presha.

"Sawa. Na ile?" Mama Mbao alikuwa ameshaiona injini ya kwenye kona. "Si ni ya aina hiihii ya kwangu?"

"Ile imekufa."

"Umeifungua?"

"Haihitaji kufunguliwa. Itazame ilivyo chafu."

Mama Mbao akacheka. "Fundi, hata mimi nikitoka kwenye mashine ya mbao huwezi kunitazama. Lakini nikioga ni mtu. Ifungue, nitapita Jumamosi uniambie inafaa au haifai." Aliingia kwenye gari, kisha akachungulia dirishani. "Halafu unitafutie na dereva. Yule shemeji yako alikuja kuniomba kazi, mpole kweli, lakini nilimkatalia. Mtu aliyeua injini kwa kiu nitampaje gari lenye turbo? Si wewe mwenyewe ulisema?"

Fundi alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Haya, Mama. Jumamosi."

Siku mbili aliizunguka ile injini kama kuku anayemzunguka nyoka. Alitaka kumpigia simu Mama Mbao amwambie bloku ya injini imepasuka. Neno lake lingetosha. Nani angempinga Kipimo? Siku ya tatu aliona aibu kuikwepa injini mbele ya mafundi wenzake, akaitoa kwenye bati.

Aliikwangua matope, akaipiga brashi na dizeli mpaka chuma kikaonekana. Kisha akaweka beseni chini, akalegeza nati ya kumwagia oili. Alijiambia kwamba hakitatoka kitu.

Oili ilitoka. Ilitoka nyeusi, nzito, bila haraka, ikajaza beseni, naye akakimbilia la pili. Injini iliyokauka ilikuwa na oili yake yote.

Akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndani, kile kichujio kidogo ambacho pampu hunyonyea oili kilikuwa kimezibwa na vipande vyekundu kama nyama iliyokauka. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Ilikuwa gundi ya gasketi ya kuzibia maungio ya injini, ile nyekundu aliyokuwa akiipenda yeye peke yake uwanja mzima. Aliipaka nyingi mno, iliyozidi ikaminyika kwa ndani, ikakatika vipandevipande, ikaenda kukaba koo la injini. Oili ilikuwapo, lakini haikuwa na njia ya kupanda. Shemeji alikuwa amesema kweli, neno kwa neno.

Na hapo likaja jambo la pili, ambalo Fundi baadaye aliliona la aibu kuliko la kwanza. Alitazama kushoto na kulia. Akachukua kitambaa akaanza kuifuta ile gundi. Alikuwa ameshafuta nusu aliposikia mchomeleaji akicheka na mteja huko nje, kicheko cha mambo yao wenyewe, naye akaruka kama mwizi. Akabaki na kitambaa mkononi, masikio yanawaka moto.

Nyumbani alikaa mezani bila kugusa chakula. Mkewe akamtazama.

"Baba watoto, umeifungua ile injini."

"Nani kakwambia?"

"Miaka sita dada yako akija hapa na mumewe unakumbuka una kazi gereji, hata Jumapili. Mimi si kipofu." Akasogeza sahani. "Ilikuwa na nini?"

Akamwambia. Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na siku ile, hukujua?"

"Sikujua." Akaisukuma sahani kando. "Sikutaka kujua. Kijiti nilikishika."

"Basi usiniambie mimi," mkewe akasema. "Mimi sishoni viatu."

Kesho yake alasiri alikwenda kwa dada yake, kichujio kimefungwa kwenye gazeti, mabaki ya gundi yakiwa bado yameking'ang'ania. Kavu alikuwa kwenye meza yake, kiatu cha shule kimebanwa magotini. Dada akatoka ndani akifuta mikono.

"Kaka! Leo jua limechomoza upande gani? Ngoja nikuletee chai."

Fundi alisifu meza. Akasifu ukuta uliopakwa rangi. Akauliza habari za watoto mara mbili. Kavu aliendelea kuvuta uzi. Chai ilipofika, Fundi akafungua gazeti, akaweka kile kichujio katikati ya visoli na misumari.

"Shemeji, hii imetoka kwenye ile injini. Nyekundu hiyo ni gundi yangu. Oili ilikuwa imejaa. Injini niliiua mimi."

Kavu alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga. Alikuwa dereva miaka kumi na saba, hakuhitaji maelezo.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia."

"Na kijiti hukukivuta. Nilikuona. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nilikuona vizuri."

"Uliniona vizuri. Nisamehe, shemeji."

Kavu akakirudisha mezani taratibu. "Wataka nikusamehe sasa hivi, kabla chai haijapoa?"

Lakini aliyelia ni dada. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia. "Mimi nilikuamini wewe," alimwambia kaka yake. "Usiku ule aliapa mbele yangu, nami nikamwambia aache ubishi, kaka yangu hakosei vipimo. Mwaka mzima nilimsema. Na jina lenu lile nimemwita mimi mwenyewe, ndani ya nyumba hii, siku nikiwa na hasira." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Angetukanwa angejua la kufanya. Mtu aliyetukanwa anaweza walau kuinamisha kichwa. Mlango uliofungwa hauna jibu. Kavu akachukua tena kiatu chake.

"Ulinisema pale uwanjani," alisema bila kuinua macho. "Kaseme palepale."

Jumamosi Mama Mbao alikuta watu wamekusanyika. Fundi alikuwa amewaita mwenyewe: mchomeleaji, fundi rangi, fundi umeme, mpaka mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kavu alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Fundi alionyesha mabeseni mawili ya oili, akaonyesha kichujio, akaeleza. Aliposema kwamba alijaribu kuifuta gundi kwa kitambaa, mtu mmoja aliguna, na mchomeleaji akatazama viatu vyake. Mwenye duka alisema tu, "Na mimi nikamfukuza mtu," akaondoka bila kuaga.

Mama Mbao akabaki, mikono kiunoni. "Ubao ukipinda nauona kwa jicho," alisema. "Mtu akipinda sioni mpaka nimpigilie msumari. Haya, niambie. Injini inafaa au haifai?"

Hapo Fundi angeweza kusema haifai, ikapelekwa kwenye chuma chakavu, asiione tena. Alitoa karatasi. "Silinda nimezipima zote, kuliwa kwake ni kudogo. Hedi tumeijaribu kwa presha, haina ufa. Beringi zimekwisha, krenki imekwaruzika, inahitaji kuchongwa. Njia zote za oili zioshwe. Turbo itabeba, lakini ya presha ndogo, na iende mwezi mzima bila turbo kwanza. Ila usichukue neno langu. Mwite fundi mwingine apime tena."

"Nitamwita," akasema Mama Mbao. "Na ndiye atakayeifunga. Wewe utampimia tu." Kisha akageukia nyuma. "Na wewe baba uliyejificha huko, leseni yako bado hai?"

Kavu akasema bado hai.

Ikawa hivyo. Fundi wa ng'ambo ya barabara, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, aliifunga ile injini katika banda la Fundi Kipimo, naye mzee akasimama pembeni akisoma vipimo kwa sauti. Wateja walipita wakaona. Wengine walihama na hakuwalaumu. Kigari sasa kinapanda mlima na mbao zake, turbo ikipiga mluzi, na anayeendesha ni shemeji. Hupita mbele ya gereji kila asubuhi, hunyanyua kidole kimoja kwenye usukani, hasimami.

Dada hakukanyaga kwa kaka yake kwa miezi mitano. Kisha siku moja alifika gereji na cherehani iliyokwama, akaiweka juu ya meza ya kazi. "Ukimaliza nitatuma mtu aichukue," alisema, akageuka.

Fundi aliitengeneza siku ileile, lakini hakungoja mtu. Aliibeba mwenyewe begani mpaka nyumbani kwao. Mlango ulifunguliwa na shemeji yake.

"Iweke pale," alisema, akionyesha dirishani. Fundi akaiweka, akajifuta jasho, akaelekea mlangoni.

"Kaa," shemeji akasema.

Akakaa, kwenye ukingo wa kiti. Dada aliingia, akapitisha kitambaa chini ya sindano, akakanyaga pedali. Mshono ulitoka umenyooka, na cherehani ikaendelea kushona.