Waya wa Kuanikia

Enzi zetu, mtu akitaka kuzungumza na ng'ambo ilimbidi kwanza ajue kunyamaza. Siku hizi wapwa zangu wanapiga video Muskati huku wanatafuna mishikaki, na mtandao ukilegea kidogo hununa kama waliofiwa.

Mimi tangu udogo ni mtu wa ndani. Kwenda Bububu kwangu ni safari ya kufungasha, na Paje naisikia tu. Basi mjomba wangu Haji, fundi wa redio aliyekuwa na leseni ya kurusha mawimbi, aliponambia naweza kufika Ngazija bila ya kuvaa viatu, nikaona hii ndiyo kazi yangu.

Mtambo ulikaa ndani ya kopo la biskuti, ukila betri nane za tochi. Taa ya baiskeli ingeushinda nguvu. Mjomba alikuwa nao mwengine mkubwa, wa umeme, lakini raha yake ilikuwa kwenye kopo. Kwa mkubwa, akisema, unasikika kwa ubavu. Kwa mdogo, kwa subira. Hatukusema kwa mdomo. Nilikuwa nikigonga alama fupi na ndefu, naye kakaa pembeni na penseli yake.

Balaa lilikuwa waya. Mjomba aliufunga juu ya paa letu la Mji Mkongwe, na mama, ambaye kamba yake ilikuwa ishakatika, akauona ni rehema ya kuanikia. Kila alasiri nikitoka chuoni nakuta kanga mbichi zinatona, na mawimbi yetu yanafia humo humo.

Wiki tatu nikaita, hakuitika mtu. Bi Shemsa, jirani wa paa la pili, akawa ananitania kuwa nitaolewa na waya. Na Jumamosi mjomba alikuwa anahamia Tanga, na leseni yake anaondoka nayo.

Ijumaa alasiri mama akapanda na beseni la nguo zilizokwisha kamuliwa. Akatutazama. Akalitua, akakaa juu ya ndoo.

"Haya, ita. Miye nangoja."

Nikaita mpaka kidole kikafa ganzi. Jua likateremka, nguo zikaanza kujikunja ndani ya beseni. Kisha, kama mbu aliye chumba cha pili, pakaja sauti. Mjomba akaandika herufi moja moja: mtu wa Ngazija, anatusikia. Hafifu, lakini anatusikia.

Mama akanyanyua beseni. "Kashakusikia. Sasa nipishe nianike."

Leo leseni ni yangu na kopo ni lile lile. Mama hayupo. Wapwa zangu huniuliza kwa nini nisipige simu. Nimpigie nani, na simjui? Simu inampata unayemjua. Kopo linampata asiyekujua, akakaa akakusikiliza.

Jana nimeita saa nzima, hakuitika mtu. Leo nguo nshazianua, waya uko wazi.