Majani kwenye Pejo ya Placide

Katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, palikuwa na mtu aliyelipenda gari lake kuliko majirani zake, wala hakuona haya kusema hivyo. Jina lake Placide Udaga, mtu wa upande wa Mahagi, mtunza ghala la kahawa. Gari lenyewe lilikuwa Pejo 404 nyeupe, aliyoinunua mwaka wa sabini na nne kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka arudi kwao. Tangu siku hiyo Placide aliuona mji wa Bunia kwa macho mengine, na kila alichokiona kilimtia kichefuchefu.

Alianza na barabara. Mvua ikinyesha, mashimo yalijaa maji na bata wakaogelea mbele ya ofisi za serikali. Jua likiwaka, vumbi jekundu liliingia hata ndani ya saa ya mkononi. Siku za salongo, watu wote walipotolewa nje na majembe kwenda kuziba mashimo kwa udongo na migomba iliyokatwa, yeye alisimama pembeni na jembe lake safi, akicheka.

“Munapanda ndizi mu njia,” aliwaambia. “Haya, muvune muzuri.”

Wala hakuinama kutupa hata bonge moja la udongo.

Ikaja petroli. Iliuzwa kwa chupa na vidumu karibu na soko, imechanganywa na mafuta ya taa, na siku nyingine na maji ya mto. Placide aliinusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, akatema mbele ya muuzaji. Halafu aliichuja kwa kitenge kipya ambacho mke wake, Marcelline, alikuwa amejiwekea kwa ajili ya Pasaka. Makanika wa mji, kwa maneno yake, walijua dawa moja ya kila ugonjwa: mpira wa baiskeli. Bomba likivuja, mpira wa baiskeli. Mlango ukigoma kufunga, mpira wa baiskeli. Polisi nao walimsimamisha siku ya jua kali wakamuuliza kwa nini vifuta-kioo vyake havitembei. Na madereva! Hao, alisema, walijifunza kazi kwa kuswaga ng'ombe.

Tuseme ukweli, mengi ya hayo hayakuwa uongo. Bunia ilikuwa hivyo. Lakini mtu anaweza kusema kweli mpaka ikanuka, na Placide alikuwa wa namna hiyo.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliitwa Alphonse, dereva wa lori la kubeba kahawa. Siku ya ndoa ya binti yake, Alphonse alikuja kwa adabu zote kuomba Pejo impeleke bibi arusi kanisani. Placide alimtazama kuanzia ndara mpaka kofia.

“Weye unaendesha ile sanduku ya misumari mwaka muzima,” alisema, “leo unataka kukalisha bibi arusi mu viti vyangu? Batanimwangia bia.”

Binti akaenda kanisani kwenye lori la kahawa, na mtaa wote ukamsindikiza kwa vigelegele. Alphonse hakuweka kinyongo. Aliendelea kumsalimu Placide kila asubuhi, na Placide alichukulia salamu hizo kuwa ni ujinga wa mtu asiye na gari.

Kitu kimoja tu Pejo haikuwa imempa: mama yake. Mama Pétronille, mjane, aliishi kijijini karibu na Mahagi, na kwa miaka mingi alikataa kuhamia Bunia. Mwaka wa themanini na moja magoti yalimshinda kabisa, akakubali nusu nusu. Atakuja kutazama kwanza. Akiona mwanawe anakaa na watu vizuri, atabaki, na mashamba atawagawia wajomba. Asipoona hivyo, atarudi kwake. Placide alilitaka jambo hili kwa moyo wake wote. Alitaka mama ashuke kutoka ndani ya Pejo mbele ya Ngezi nzima, aone mwanawe amekuwa mtu. Akaenda kumchukua mwenyewe.

Kwenda ilikuwa safari. Kurudi ilikuwa mateso. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mbele yao askari walikuwa wamefunga kamba barabarani. Kila gari lilisimama pale mpaka mwenyewe alegeze mkono, na aliyeubana mkono alikaa mpaka jioni. Placide alisonya, akahesabu matusi yote aliyoyajua ya Kifaransa. Ndipo alipoona pikapu moja inapita pembeni bila kuulizwa neno. Mbele yake kulifungwa matawi mabichi. Mtoto mdogo wa nchi hii anajua maana yake: gari hilo limebeba maiti, na gari la maiti halizuiliwi.

Mama Pétronille alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, amejifunika kitenge mpaka usoni. Placide alimtazama kwenye kioo. Hakufikiri sana. Alirudisha gari nyuma ya kona, akakata matawi ya mkaratusi na kuyafunga kwenye bampa la mbele, kwa uangalifu yasiikwaruze rangi. Askari walipoyaona walishusha kamba na kuvua kofia. Placide alipita amekaza uso kama mfiwa. Alipofika mbali kidogo akacheka peke yake.

“Wapumbavu,” alisema.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kwenye tope. Malori yalikuwa yamepangana, yakingoja zamu ya kuvutwa, na katikati yao alikuwamo Alphonse, anarudi Bunia na mzigo. Alipoiona Pejo na majani yake, alishuka akaja mbio miguu mitupu kwenye tope. Placide aliruka nje haraka ili amzuie asifike kwenye kioo.

“Placide, ndugu yangu,” Alphonse alisema. “Ni nani? Ni mama?”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Neno moja lingetosha. Placide aliitazama foleni ya malori, akaitazama Pejo yake iliyorukiwa na tope mpaka vioo, akainamisha kichwa.

Alphonse alilia. Alilia kweli, mtu mzima, mikono kichwani. Kisha alijifuta na kuwaita wapakiaji wake, malori yakasogea, na wanaume wakaisukuma Pejo kupita kwenye tope huku wakiimba polepole wimbo wa kilio. Mama alizinduka bila kuinuka.

“Banaimba nini?”

“Ni wimbo ya kusukuma, mama.”

“Ni muzuri,” alisema, akafumba macho tena.

Mbele kidogo lori la Alphonse, lililokuwa limeshavutwa kutoka topeni, liliwapita kwa kasi. Alphonse alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti: “Enda naye polepole! Siye tunatangulia!” Placide, aliyekuwa anatambaa ili asiumize springi zake, alidhani jirani ana haraka ya kushusha kahawa.

Walipokaribia mji aliyatupa majani kwenye majani mengine kando ya njia na kusimama kwenye mto Shari. Haiwezekani Pejo iingie Ngezi na uchafu ule! Aliiosha paa, akaiosha milango, akasugua taa. Mama Pétronille alikaa juu ya jiwe akimwangalia.

“Mbona unaiosha sana?”

“Batu batatuangalia, mama.”

“Basi ukiisha kuipa yeye maji, unipe na miye ninawe uso.”

Placide akamletea maji kwenye ile ile ndoo.

Waliingia Ngezi jua likiwa bado juu. Mbele ya nyumba yake Placide aliona mabenchi, moto, masufuria makubwa na watu wengi kuliko alivyowahi kuwaona pale. Wanawake walikuwa wameketi chini wakipiga kelele za kilio.

“Nani tena amekufa mu huu mutaa,” alisonya, “mpaka bafunge njia yangu?”

Akapiga honi. Ndipo alipomwona Marcelline wake anagaagaa vumbini, nywele zimefumuka, na jina analoliita ni Pétronille.

Mama alifungua mlango mwenyewe. Alipotoa mguu wa kwanza watu walisogea nyuma. Alipotoa wa pili walitawanyika. Mwanamke mmoja aliruka ua pamoja na mtoto mgongoni, sufuria ya sombe ikapinduka, na mwimbaji wa zaburi akasahau zaburi. Alphonse peke yake alibaki pale pale.

“Mama,” alisema, “uko muzima?”

“Niko muzima. Munalia nani?”

“Weye, mama. Siye tulisukuma motokari kule kwa tope. Ilikuwa na majani mbele. Placide akainamisha kichwa. Nikakuja kuambia batu.”

Mama Pétronille alimgeukia mwanawe. Watu walianza kurudi mmoja mmoja, wengine bado na kuni mikononi. Placide alijieleza. Askari wale, mama, wezi watupu. Tope lile, aibu ya nchi. Malori yale, yangewalaza njiani. Alisema mengi, na yote yalikuwa kweli.

“Ilikuwa tu ya kupita haraka, mama.”

“Ulinifunga majani nikiwa nalala,” alisema mama. Hakupandisha sauti. “Baba yako alinifunga mutoto mugongoni, ni weye. Hakuna mutu mwingine amenifunga kitu.”

Kisha akachechemea mpaka kwenye mkeka wa wafiwa na kukaa katikati ya wanawake. Alimwita Marcelline akamfunga nywele kwa mikono yake. Alimuuliza kila mtu jina lake na amekuja na nini: huyu unga, yule kuni, mwingine benchi tu kwa kuwa hakuwa na kitu kingine. Akaamuru chakula kipakuliwe, akala kilio chake mwenyewe, na baada ya muda watu walianza kucheka, yeye akicheka pamoja nao. Placide alisimama karibu na Pejo na kitambaa mkononi. Hakuna aliyemkaribisha benchi, hata mke wake. Siku hiyo mama alilala nyumbani kwa Alphonse.

Kesho yake lori lilikuwa linarudi Mahagi, na mama Pétronille akaomba nafasi mbele. Placide alikuja mbio. Pejo imewashwa, alisema, viti ni laini, njia imekauka. Kama ni lazima arudi, basi ampeleke yeye, mwanawe, watu wasije wakasema.

Mama alikuwa ameshika mlango wa lori, Marcelline na wanawake wa mtaa wakimsukuma kwa nyuma apande. Alikaa, akapanga kikapu magotini, akavuta pumzi.

“Batu bananijua jana tu, na balinililia,” alisema. “Weye ulinibeba mufu, Placide. Wacha Alphonse anibebe muzima.”

Alphonse hakumtazama Placide. Alifunga mlango taratibu ili usiubane mguu wa mama, akaondoa lori.