Aliyeanza Kiondo

Nina duka la saiba mjini Machakos, kwa hivyo nikisema nimechoshwa na hizi QR usidhani ni wivu wa mtu asiyejua simu. Mimi ndiye ninayezichapisha. Nimechapishia hoteli, nimechapishia kinyozi, nimechapishia hata kamati moja ya mazishi iliyotaka waombolezaji waskani ratiba badala ya kupewa karatasi. Siku ya mazishi yenyewe nilikuwepo. Wazee walisimama vichwa vimeinama juu ya simu, kila mmoja akitafuta mtandao, na pasta akadhani wanaomba. Akaomba nao.

Hoteli ninayokula mchana iko hatua chache kutoka dukani. Menyu imekuwa ukutani tangu nikiwa na meno yote, kwa rangi nyekundu: muthokoi, ndengu, chapati, matumbo. Juzijuzi mwenye hoteli akanijia nimtengenezee stika za kubandika mezani. Sasa ukikaa tu, msichana anakuambia, "Skani hapo." Unatumia bando yako, unangoja picha zifunguke, unachagua muthokoi, halafu msichana huyo huyo anakuambia muthokoi imeisha. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Hukuniuliza mimi, uliuliza simu." Nikala ndengu kwa hasira.

Hayo ni ya kucheka. Lile lisilonichekesha lilitokea Kola, kwa mama yangu.

Mama anaishi Kola kwenye boma letu, na kazi yake maishani imekuwa kuanza vyondo. Nasema kuanza, si kusuka. Kikundi chao kina wanawake kumi na mmoja, wanakutana kila Alhamisi kwenye banda nyuma ya kanisa, na kiondo chao hakijawahi kuwa cha mtu mmoja. Mama anasokota katani pajani, anapanga nyuzi zikutane katikati, anazungusha na kukaza mpaka kitako kitoshe sahani. Hapo anampa mwenzake, ambaye anapandisha kuta na kutia rangi. Wa tatu anafunga mdomo na kushona mikanda ya ngozi. Kigumu ni kitako. Ukikosea hapo kiondo hakisimami, kinaegemea kando kama mlevi anayetafuta ukuta. Vya mama vilisimama. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Hospitalini tuliahidiwa upasuaji na tunaendelea kuahidiwa. Lakini kuanza kiondo hakuhitaji macho, kunahitaji vidole.

Hakulipwa kwa hivyo vitako. Palizi ikifika wenzake walikuja na majembe wakampalilia shamba lote kwa siku moja, mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo Wakamba tumefanya tangu zamani. Na siku za kawaida kila mmoja alipita kuchukua kitako chake, akaketi, akanywa chai, akateta watu wawili watatu, akaenda. Mjane wa umri wake, tena asiyeona vizuri, anaweza kumaliza wiki nzima bila kusikia hodi mlangoni. Mama alisikia hodi kila siku. Kilichowaleta ni kitako, na yeye alijua hivyo, na hakuona vibaya.

Basi akaja kijana wa kununua vyondo. Alitoka Nairobi na ndevu zilizonyolewa kwa rula na viatu vyeupe, vyeupe kabisa, katika vumbi la Kola. Akawaambia akina mama kwamba wateja wa ng'ambo siku hizi hawanunui kiondo, wananunua hadithi. Kila kiondo kitashonewa kipande cha ngozi chenye QR. Mteja akiskani, anaona sura ya aliyekisuka, jina lake na maisha yake. Na kila mama atakuwa kwenye programu ya simu: anapigwa picha akianza kiondo, anapigwa picha akikimaliza, sura iwe moja. "Mkono mmoja, kiondo kimoja," akasema, na akangoja apigiwe makofi. Akaongeza kwamba Konza hapo karibu wanajenga mji mzima wa teknolojia na Kola haiwezi kubaki nyuma. Mama mmoja akauliza kama huko Konza wanasuka.

Wakahitaji mtu wa kusajili kikundi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikainua mkono. Nilijiona mtoto wa nyumbani aliyesoma, ninayewasaidia mama zangu. Nikikumbuka najichukia.

Tulisajili Jumamosi moja mchana kutwa. Fomu ilikuwa na swali: ndoto yako ni nini? Mama akasema, "Siku hizi siwahi kuota. Kibofu kinaniamsha kabla." Wenzake wakavunjika mbavu. Kijana hakuandika hilo. Alipompiga picha akamwambia, "Nyanya, usicheke sana." Mama akamuuliza, "Kwani ni nani amekufa?"

Kumbe hadithi zenyewe alikuja nazo zimeshaandikwa. Ati nilijifunza kusuka kutoka kwa nyanya yangu, ati kila kiondo nakisuka mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maneno hayo hayo kwa wote kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa amejifunza mwaka uliotangulia, tena kwa mama yangu, na nyanya yake hakuwa msusi, alikuwa akipika pombe. Niliyasoma yote. Nilichouliza ni kimoja: kama programu inaweza kuweka watu watatu kwa kiondo kimoja, kwa sababu ndivyo kilivyo. Kijana akanitazama kwa huruma. "Mteja hataki kamati, mathe. Anataka mtu."

Nikasema sawa.

Kwa hivyo mama akatakiwa asuke kiondo kizima peke yake. Ilimchukua zaidi ya mwezi. Nilimkuta mara nyingine amekaa mlangoni penye mwanga, ameinua nyuzi mbili karibu zimguse pua, anajaribu kujua ipi ya kahawia na ipi nyeusi. Sitadanganya kwamba kilitoka kizuri. Kitako kilikuwa safi kabisa, lakini kuta zilikuwa za mtu asiyeona: mstari wa kahawia ulianza vizuri, ukageuka mweusi njiani, ukarudi kahawia mahali pasipofaa. Nikakipiga picha nikaituma. Programu ilifikiri kidogo halafu ikatoa alama nyekundu: haijafikia kiwango.

Mama akauliza, "Imesema nini?"

Nikamwambia mtandao uko chini.

Wakati huo wenzake nao walikuwa wameanza kujianzia vitako wenyewe, maana picha ya mwanzo ilitaka sura yao. Hodi zikapungua. Alhamisi mama alienda bandani kwa fimbo yake, akaketi kwenye kigoda chake, akasokota uzi, na hakuna aliyemwomba kitako. Ilipofika palizi walikuja wanne tu, wakaondoka kabla chai haijachemka. Aliniuliza kama kuna mtu aliyemkosea. Nilisema watu wana shughuli nyingi. Nilikuwa nikiumia, lakini kuumia hakukunizuia kusema upuzi.

Halafu mwenyekiti wao akanitumia ujumbe. Huyo ni mama mmoja mpole tu, na sweta yake ya kijani asiyoivua, jua au baridi. Ati kikundi kinashuka daraja kwenye programu kwa sababu kuna mwanachama asiye na kazi. Ati si kwa ubaya. Ati kama ningeweza kumwondoa, kwa kuwa mimi ndiye niliye na neno la siri. Nilikaa na ule ujumbe siku mbili nikitafuta maneno ya kukataa, na maneno ninayo mengi, kama unavyosikia. Siku ya tatu nikafungua programu nikambonyeza mama yangu mzazi. Ikaniuliza: una uhakika? Hata hiyo takataka ilisita. Nikabonyeza ndiyo nikiwa nimesimama dukani, mteja akiningoja nimchapishie stika za hoteli.

Mama sikumwambia.

Mzigo wa kwanza mkubwa ulipofika ng'ambo, malalamiko yakarudi. Vyondo havisimami. Kijana akatuma picha kwenye kundi la simu: vyondo sita juu ya meza ya watu, vyote vimelala upande, vingine vimeangukiana. Akatuma na ujumbe wa sauti, dakika nne, akizungumzia changamoto ya uthabiti wa bidhaa. Mtu mzima, na hawezi kusema kitako ni kibovu. Dawa aliyoleta ilikuwa video ya mafunzo ambayo kila mama alipaswa kuitazama kwa bando yake: mwanamke wa nchi nisiyoijua akisuka kikapu cha plastiki. Wakaitazama Alhamisi bandani. Nasikia walicheka mpaka wakalia.

Wiki hiyo hiyo hodi zikaanza tena. Mwenyekiti ndiye aliyetangulia, kwa geti la nyuma, sweta yake ya kijani na nusu kilo ya majani chai kwapani. Akamwambia mama vidole vyake vimekuwa vizito, amsaidie kitako kimoja tu. Wa pili akaja, wa tatu, mwishowe wote. Mama hakumuuliza yeyote alikuwa wapi. Aliwawekea chai. Akawasimanga kidogo kuhusu magugu shambani, na palizi iliyofuata wakaja kumi kamili.

Lakini picha ya mwanzo ilikuwa bado inatakiwa. Kwa hivyo wakabuni njia yao. Mama anaanza kitako. Kikifika upana wa sahani, mwenye zamu anakichukua, anakiweka pajani, anainama juu yake kama aliyekaa nacho tangu asubuhi, na mwingine anampiga picha. Jumamosi nikiwepo, mpigaji nilikuwa mimi, kwa kuwa simu yangu ina kamera nzuri. Mama aliketi hapo hapo, kigoda kwa kigoda.

"Songa kidogo, nyanya," akamwambia mmoja wao siku moja, kwa adabu kabisa. "Picha itakushika."

Mama akainua kigoda chake akasonga. Nikapiga picha, kitako cha mama na uso wa mwingine, na programu ikatoa alama ya kijani. Imethibitishwa.

Ningeweza kusema kitu siku hiyo. Nilijiambia mama ana wageni tena, shamba lake limepaliliwa, ya nini kuharibu. Kuna watu wengi wanaosema hivyo kila siku, na mara nyingi ndio walioinua mkono mwanzoni.

Jumamosi moja nilimkuta peke yake. Kiondo cha mwenyekiti kilikuwa kimemalizika, kimeachwa hapo nyumbani kinangoja kuchukuliwa na gari la kijana. Mama alikuwa amekipakata anakipapasa. Akafika kwenye kile kipande cha ngozi kilichoshonwa kando, akakisugua kwa kidole.

"Hii ndiyo ile kitu munaskani?"

"Ndiyo."

"Skani basi. Nione."

Nilisema bando imeisha. Akasema yeye alisikia simu yangu ikilia ujumbe sasa hivi, kwa hivyo bando iko. Nikaskani. Ikafunguka haraka, siku hiyo mtandao ulikuwa na nguvu za kutosha. Mwenyekiti alinitazama kutoka kwenye kioo cha simu, hacheki, kama alivyoagizwa, na chini yake yale maneno ya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama akaichukua simu akaisogeza mpaka ikakaribia kumgusa pua, kama alivyofanya na zile nyuzi mbili.

"Ni nani huyu?"

"Ni wewe, mama."

Akaendelea kutazama. Aliinamisha simu huku, akaiinamisha kule.

"Nimevaa nini?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikatazama picha, na kwa upumbavu nikasoma nilichokiona.

"Sweta ya kijani."

Mama akakipindua kiondo juu ya magoti yake, akaweka kidole gumba katikati ya kitako, pale nyuzi zinapokutana, akakizungusha polepole kuelekea ukingoni, duara baada ya duara. Aliipitia kazi yake yote bila haraka na mimi nikasimama nikimngoja.

"Mimi sina sweta ya kijani," akasema.

Akanirudishia simu.

"Kumbe hata simu yako iko na mtoto wa jicho."

Akakiweka kiondo kando, kikasimama wima. Kisha akavuta katani, akalaza uzi pajani, akaanza kusokota. Kitako kingine cha mwenyekiti kilikuwa kimebaki nusu.