Sofa na Mbuzi

Changawa amebadilisha pikipiki mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye si mkewe. Majirani zake wa Kisauni wakisikia hivyo hukonyezana, na wacha wakonyezane, maana hawana kazi. Mwanamke mwenyewe ni mama mkwe wake.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa skrambla, ndefu, nyembamba, yenye magurudumu ya meno na kiti kimoja kinachoteremkia mbele. Nyamvula, mkewe, ndiye aliyeibandika jina la Mbuzi, kwa jinsi ilivyopanda mawe bila kuuliza njia. Changawa ni fundi wa friji. Kutwa yuko Nyali, mikahawani na majumbani mwa wenye nazo, ameinama nyuma ya mafriji ya watu, na jioni mgongo humdai kila alichoufanyia. Lakini Jumatano hakuwa akishika kazi. Jumatano alimpakia Nyamvula, wakapita Utange, wakaiacha lami, wakafuata malori ya taka na malori ya mawe mpaka Mwakirunge, kwa mama mkwe.

Jumatano ilikuwa siku ya mguu. Mama mkwe huyo, Nyale, aliwahi kupanda boda ya kijana mwenye haraka, na kijana akamwegemeza kwenye bomba la moshi. Shavu la mguu likaungua. Kwa mtu mwenye sukari, kidonda ni mgeni asiyeaga. Kikaingia, kikakaa, kikawa kinataka kusafishwa zahanati kila wiki. Njia ya zahanati inapita bonde la machimbo ya mawe, na tuktuk zikiliona hugeuka. Na boda, Nyale aliapa kwamba hatapanda tena ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo dereva aliyemwamini duniani akabaki mmoja tu, naye ni mume wa bintiye.

Sasa mtu asiyejua atauliza tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba mkwe hashikwi. Kwao Changawa, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye kijia mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki hiyo. Ni heshima, tena nzito, na Nyale aliibeba kichwani kama mtungi uliojaa. Basi walipanda mshikaki, watu watatu juu ya Mbuzi: Changawa mbele, Nyamvula katikati, mama nyuma. Mama alimshika bintiye, binti alimshika mumewe, na heshima ikakaa mahali pake. Siku moja askari aliwasimamisha kwa kupakia wengi. Nyamvula akaanza kumweleza mambo ya ukwe tangu mababu, na yule askari, alipoona hadithi haina mwisho, akawapungia mkono waende zao.

Halafu Nyamvula akafa. Ini lilimshika, na kabla watu hawajazoea kusema anaumwa, wakawa wanasema marehemu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Siku za mwisho alimwambia mumewe, "Mamangu usimwache," akageuka ukutani, kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Baada ya matanga, Jumatano ya kwanza, Changawa alisimama nje akiitazama Mbuzi, na kiti kile kirefu kikamtia uchungu hata akashindwa kukipanda. Pale katikati hapakuwa na mtu. Angempakia mama vipi? Kile kiti kinamsukuma wa nyuma kwa wa mbele kila breki ikiguswa.

Ndipo akamwendea Garama, msimamizi wa machimbo. Garama alikuwa na pikipiki pana ya safari za mbali, aliyoipata kwa bwana mmoja wa bara aliyehama. Ilikuwa na kioo mbele, masanduku ubavuni, redio, na kiti cha nyuma kilichojitenga peke yake, kina mgongo wa kuegemea na mikono ya kushikia. Changawa akampa Mbuzi, akachukua ile. Garama alikubali upesi kuliko inavyompasa mtu aliyepata kidogo, na kama Changawa hangekuwa na msiba kichwani angejiuliza kwa nini.

Watoto wa Mwakirunge waliiita Sofa siku ile ile. Nyale alikaa juu yake kama bibi wa mji, ameshika mikono ya kiti, mgongo umenyooka, leso imefunika kichwa, na kati yake na mkwewe kukabaki nafasi ya kupita upepo. Heshima haikudondoka hata tone.

Mazungumzo yao yalipitia kwa kuku. Zamani yalipitia kwa Nyamvula; sasa alikuwapo kuku mmoja mwekundu aliyezoea kukaa kizingitini.

"Kuku wee," Nyale angesema, ametazama ukutani, "mwambie mgeni wako maji ya kunywa yapo."

"Kuku, mwambie mama nashukuru, nimekunywa njiani."

Hakuwa amekunywa popote. Lakini mwanamume haonyeshi kiu hivi hivi kwa mkwewe. Kuku mwenyewe aliwatazama kwa zamu, akaendelea kuchakura.

Hivyo ndivyo walivyokwenda mwaka mzima, na Changawa alichoka. Semeni mnavyotaka juu ya kujitolea, mtu huchoka. Alichoka mgongo, alichoka magoti, alichoka zaidi jioni akifungua mlango wa chumba kisicho na sauti. Alikuwa akipika chai ya rangi, anakunywa amesimama, analala. Mshipi wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Roseline, jirani anayeuza mahamri pale pale kibarazani, alimwuliza asubuhi moja bila nia mbaya, "Changawa, mke hayupo. Mtoto hakuna. Huo ukwe wenu sasa umebaki kwenye nini?"

Swali hilo likapanda naye pikipiki, wakaenda kazini pamoja. Ukweli ni kwamba ukwe ule ndio uliokuwa umebaki wa Nyamvula. Nguo zake zilikuwa zimegawiwa. Sauti yake ilikuwa imeanza kumpotea masikioni, jambo lililomtisha sana. Lakini kila Nyale alipogeuza uso na kuzungumza na kuku, ilikuwa ni kusema kwamba huyu bado ni mume wa binti yangu.

Kisha masika yakaja, na malori yakalichimba lile bonde mpaka mawe yakatoa meno. Sofa ni pikipiki ya lami. Tumbo lake liko chini na uzito wake ni wa ng'ombe aliyelala. Jumatano moja, wakipanda upande wa pili wa bonde, jiwe lililikwangua tumbo, oili ikamwagika yote, na Sofa ikainama polepole, pamoja na bibi wa mji juu yake, ikalala matopeni. Wachimba mawe walikimbia, wakamnyanyua Nyale wakamketisha juu ya jiwe. Hakuumia, ila bendeji ilijaa tope. Changawa alijaribu kuiinua Sofa peke yake, akashindwa, akaketi kando yake. Alitamani kubaki pale pale matopeni asiulizwe kitu na mtu.

Zahanati hawakufika siku hiyo. Wiki iliyofuata mvua iliwazuia. Changawa akaenda peke yake kuomba dawa na bendeji, na Sista Caroline, anayesafisha kidonda kile tangu mwanzo, akakataa kumpa.

"Kidonda hakioshwi kwa kutumiwa salamu," alisema. "Mlete mwenyewe. Mguu ukikaa tena hivi, utakatwa, na sitaki uje kuniambia hukuambiwa."

Changawa akatoka, akasimama juani. Njia ilikuwa moja na aliijua.

Garama alimpokea akicheka. "Nilijua utarudi. Ile mie ilinitupa bonde lile lile." Mbuzi alikuwa kibandani, amejaa vumbi, na kuku wa Garama walikuwa wametagia chini ya kiti chake. Changawa alikuwa ameshaliziba tumbo la Sofa, wakabadilishana bila maneno mengi. Garama alisema magoti yake hayawezi tena kumpanda Mbuzi. Ataipaka Sofa rangi, awe anaiendesha Jumapili kwenda kanisani, palipo na lami.

Changawa hakulala kabla hajafanya ujanja. Alichukua rafu ya waya ya friji mbovu akaikunja juu ya bomba la moshi, ili mguu wa mama usiguse moto tena. Kisha akachomelea chuma nyuma ya kiti, imara, cha kushikwa kwa mikono miwili. Mama atajishikilia nyuma, atajizuia, na ukwe utapita bonde salama. Fundi wa friji si fundi wa kuchomelea, lakini alipokivuta kile chuma hakikutikisika, akaridhika.

Jumatano alifika mapema. Nyale alitoka, akamwona Mbuzi, akasimama. Kisha akaugeukia ukuta.

"Kuku wee. Huyu Mbuzi nilidhani alikwenda na mwanangu."

Changawa naye akamgeukia kuku. "Kuku, mwambie mama, Sofa haivuki. Na zahanati wamekwisha kutaja kukata."

"Kukata wakate. Nimetembea na mguu huu miaka mingi, nimeuchoka. Mwambie sitakwenda kumkumbatia mkwe wangu mbele za watu, mwanangu yuko chini ya udongo. Watu watasema mlango wa heshima umevunjwa."

"Mwambie kuna chuma. Hatamgusa mtu."

Nyale alikigonga kile chuma kwa bakora yake, mara hapa, mara pale, kama mtu anayechagua nazi. Aliitazama rafu ya friji juu ya bomba la moshi, akaitazama tena. Halafu, bila kumwambia kuku lolote, akapanda juu ya jiwe la kuchongwa lililokuwa mlangoni, akakaa upande juu ya Mbuzi, akashika chuma.

Walikwenda vizuri mpaka bondeni. Wakiteremka, kiti kilimsukuma mbele, naye akajivuta nyuma kwa mikono. Changawa alizisikia pumzi zake zikipanda. Chini kabisa walikata maji ya tope. Kisha Mbuzi akainua pua, akaanza kupanda, na uzito wote ukarudi nyuma. Chuma kikalia. Kikalia tena, kikaachia upande mmoja, na papo hapo mikono miwili ikamkamata Changawa mbavuni.

Hakuweza kusimama. Kwenye mpando ule anayesimama anaanguka. Alikaza mkono kwenye gesi na kupanda na mikono ile juu ya mbavu zake, meno ameyabana, akisema moyoni basi, imekwisha, leo ukwe nimeuvunja mimi mwenyewe. Wachimba mawe waliinua vichwa, wakaviinamisha tena haraka, maana nao wana wakwe.

Juu, penye tambarare, alisimamisha. Aliacha injini ikinguruma, akatazama mbele, akangoja mikono itoke. Alitaka kuomba radhi, lakini aombe kupitia kwa nani? Hapakuwa na kuku. Machozi yalimtoka ndani ya helmeti, akashukuru kwamba mama hakai mbele. Tangu Nyamvula, hakuna mtu aliyekuwa amemshika. Alilijua hilo pale pale, kwa ghafla, na likamuuma kuliko bonde lote.

Mikono haikutoka. Ilisogea. Vidole vilipita juu ya ubavu mmoja, vikapita juu ya wa pili, polepole, kama vya mtu anayetafuta kitu gizani.

"Changawa."

Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mwanamke huyu. "Labeka, mama."

"Hizi ni mbavu?"

Changawa aliitazama njia.

"Nakuuliza wewe, simwulizi kuku. Unakula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai, mama."

Lori la mawe lilipita, likawafunika vumbi, na Nyale akangoja lipite lote. Aliposema tena sauti ilikuwa imepasuka.

"Mwaka mzima unakuja kwangu na mie nimegeuza uso. Nakuwekea maji. Nimegeuza uso kwa heshima, na kumbe mtu anakwisha nyuma yangu sina habari." Akavuta pumzi. "Nyamvula alikuwa na mume mwenye mwili. Ningemjibu nini?"

Alitikisa kichwa tu, na helmeti ikatikisika nacho.

"Haya, twende kabla Sista hajakasirika. Tukirudi hupiti mlangoni ukaenda zako. Kuna mboga ya mchunga na ugali. Utaketi ndani, ule, na mie nitakuwa hapo nakutazama mpaka sahani iwe nyeupe."

"Na watu, mama?"

"Watu wamenipikia nini?"

Alitia gea. Kile chuma kilichoachia kilining'inia nyuma kikigonga, na hakuna aliyekijali. Walipoanza kwenda, mikono ilikaza kumzunguka, na paji la uso la mwanamke mzee likaegemea mgongoni mwake, pale pale alipokuwa akiegemea Nyamvula.

"Endesha polepole basi, mwanangu," Nyale alisema. "Mifupa yako inanichoma."