Kinga Iliyozidi na Posa ya Hasamba

Wengine hukaa nyumbani kwa sababu ya hekima. Mimi nakaa nyumbani kwa sababu choo kiko hatua kumi na moja kutoka kwenye kochi langu. Nimezihesabu nikiwa na haraka.

Daktari aliniambia utumbo wangu mpana una vidonda, na waliovileta ni askari wangu mwenyewe: chembechembe nyeupe za damu. Hapo nikatega sikio, maana habari za askari wa mpakani sisi watu wa Tunduma tumezaliwa nazo. Chembe hizo, alisema, hukaa kwenye ukuta wa utumbo zikikagua wapitao. Bakteria wanaoishi humo siku zote huwa zinawajua, zinawaacha, kama askari wetu anavyomwacha bibi anayevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumsalimia dada yake. Zangu zimesahau sura za wenyeji. Kila anayepita ni mhalifu! Zinaita wenzao, wanakuja na virungu, na anayeumia kwenye vurugu ni ukuta. Zile zenye kazi ya kusema "jamani basi, tulieni," kwangu hazisikilizwi.

"Kwa hiyo kinga yangu imeshuka?"

"Hapana. Imezidi."

Nilitoka kifua mbele. Maishani mwangu hakijawahi kuzidi kitu, alama za hisabati za kidato cha nne zikiwemo.

Kosa langu ni kumwambia shangazi, aliyenilea, kwamba vidonge nilivyopewa vinapunguza kinga. Mtaani kwetu jambo hilo husemwa kwa kunong'ona. Shangazi hanong'oni.

"Wanakupunguzia kinga? Umewakosea nini?"

Kesho yake vidonge havikuonekana. Mezani palikuwa na galoni ya tangawizi, kitunguu saumu, mlonge na majani ambayo hata yeye hakuyajua jina. "Kunywa, baba. Hii inaongeza."

Nikanywa siku nne, kwa woga wa shangazi tu. Siku ya tano zile hatua kumi na moja nilizipiga kwa tatu. Daktari akanigombeza kwenye simu: vidonge vile haviachwi ghafla, nivirudie leo leo, ila askari hawatatulia kwa siku moja.

Na siku sikuwa nazo. Jumamosi ile nilikuwa mshenga wa mdogo wangu, kwenda Hasamba kuposa binti ambaye baba yake alishawafukuza washenga wawili. Tukifukuzwa na sisi, mdogo wangu aliapa, atahamia Zambia akafuge bata. Shangazi naye ana sheria yake: kwenye posa anasema mshenga peke yake. Wengine wanaangalia viatu.

Tulikaribishwa, tukakalishwa. Baba wa binti akanywa kahawa yake taratibu, kama anayesubiri mvua. Tumbo langu halikusubiri.

"Samahani mzee, choo?"

Akanionyesha nyuma ya migomba. Ile kufunga tu mlango wa bati, nikamsikia:

"Haya wageni, mmekuja na jambo gani?"

Najua viatu vinaangaliwa.

"Mmekuja, au mmepotea?"

Kiti kikakwaruza sakafu. Mzee anainuka!

"Mzee!" nikapiga kelele. "Tumeona ua kwenye bustani yako!"

"Nani huyo?"

"Mshenga!"

"Yuko wapi?"

"Chooni kwako, mzee! Ua tumelipenda, tunaomba tulihamishie kwetu!"

Kicheko kilianzia jikoni kwa akina mama, kikazunguka nyumba. Mzee akaja mpaka karibu na bati, pumzi zimemwishia kwa kucheka.

"Waliotangulia walikuja na suti na uongo. Wewe hata suruali sina hakika unayo. Unaumwa nini, mwanangu?"

"Kinga imezidi, mzee."

"Imezidi! Basi ukoo wenu una nguvu. Ua tumewapa. Wewe maliza kwa amani."

Kwetu mtu akipewa jambo kubwa hivyo, huchuchumaa na kupiga makofi taratibu, kwa heshima. Kuchuchumaa nilikuwa nimeshachuchumaa. Nikapiga makofi.